Ekari Mia Moja za Arvella Tidwell

Wageni walikaa shambani dakika ishirini. Arvella Tidwell alizihesabu kwa saa yake ya mkononi, akiwa amesimama nyuma ya wanaume na mwavuli kwapani, na hadi leo ukimuuliza atakutajia hizo dakika kabla hujamaliza swali. Walikuwa watatu, wametoka mbali kutafuta mahali pa kujenga kiwanda cha vipuri vya magari. Kaunti yetu ya Barlow, hapa Tennessee, ilikuwa na shamba zuri, tambarare, barabara kuu upande mmoja na reli upande wa pili, na lilikuwa limekaa bure miaka kumi na minne likikatwa nyasi za ng'ombe wa watu. Bwana Royce Hensley, mwenyekiti wa bodi ya viwanda na mwenye duka la matrekta, aliwapokea kwa lile tabasamu lake la kuuzia matrekta.

Mmoja wa wageni akauliza mwamba uko futi ngapi chini.

"Uko chini ya kutosha," Royce akasema.

Akauliza bomba la maji taka lina upana gani. Royce akasema ni pana. Akauliza ile njia ya matope inayokata shamba katikati ni ya nani. Royce akacheka, akasema hiyo ni ya ng'ombe. Wageni wakatazamana, wakashukuru, wakapanda gari lao. Kiwanda kikaenda kujengwa kaunti ya jirani, na watu wetu wakaanza kuendesha maili hamsini kila asubuhi kwenda kukifanyia kazi, Janelle binti yake Arvella akiwa mmojawapo.

Sasa huyu Arvella usimchukulie kuwa katibu tu wa kupiga chapa na kupika kahawa, ingawa ndivyo bodi ilivyomchukulia. Miaka ishirini na miwili alishona kola katika kiwanda cha mashati cha hapa mjini Hatley, na miaka minane ya mwisho alikuwa mkaguzi. Shati likifika mezani kwake na mshono mmoja umepinda, analifumua. Hakujali kama ni Ijumaa jioni na lori linanguruma mlangoni. Wenzake walimwita Bi Mkasi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita kiwanda kilifungwa, wanawake mia nne na thelathini wakatoka na mikoba yao siku moja, na yeye akapata hiyo kazi ya ukatibu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Siku wale wageni walipoondoka, aibu ilimpanda hadi masikioni. Hakulala vizuri wiki nzima. Wendell, mumewe, akamwambia, "Mama Janelle, shamba si lako. Acha Royce ajikaange mwenyewe."

"Royce hajikaangi," Arvella akasema. "Anatukaanga sisi."

Akaanza kusoma. Akagundua kwamba jimbo lina wakaguzi wa viwanja, na kiwanja kikipita mikononi mwao kinapewa hati ya ithibati, yaani karatasi inayomwambia mwenye kiwanda popote alipo kwamba hapa hakuna cha kubahatisha: ardhi ni safi, maji yapo, umeme upo, mwenye mali anajulikana, njoo na matofali yako. Kaunti zenye hati hiyo ziliwekwa kwenye orodha moja. Zisizo nayo hazikupigiwa hata simu.

Akalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha bodi. Royce akaegemea kiti.

"Bi Arvella, ardhi ni ardhi. Mtu akitaka kununua ng'ombe, anamtazama."

"Watu wanaonunua ng'ombe kwako, bwana, wanamletea daktari wa mifugo kwanza," Arvella akasema. "Wewe ndiye unayelalamika kila mwaka."

Wajumbe wawili wakakohoa ili wasicheke. Wakabishana saa nzima. Mwishoni wakakubaliana, kura nne kwa tatu: Arvella apewe hadi mwisho wa Juni ya mwaka unaofuata, miezi kumi na minne. Hati isipopatikana, shamba linapigwa mnada kwa wafuga ng'ombe, na ofisi ya Arvella inafungwa na meza yake inauzwa pamoja nalo. Hilo la meza alilitia Royce mwenyewe kama utani, lakini likaandikwa kwenye muhtasari, na mwandishi wa muhtasari alikuwa Arvella.

Basi mama huyo wa miaka hamsini na minane akaingia kazini. Wakaguzi wa jimbo hawataki maneno, wanataka karatasi nyuma ya kila neno. Akamleta mtu wa mashine ya kutoboa ardhi, akatoboa mashimo kumi na mawili, na Arvella akaandika kila futi kwa mkono wake. Akamleta mtaalamu wa popo, maana kuna popo adimu wanaolala chini ya magome yaliyolegea, na yule bwana akakagua miti kumi na saba mmoja mmoja huku Arvella akimshikia ngazi. Akawaita zima moto wapime nguvu ya maji. Wakafungua bomba, maji yakaruka kuvuka barabara yakamlowesha Royce aliyekuwa amekuja kuchungulia, na kipimo kikawa kizuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Akapata barua ya umeme, ya gesi, ya reli. Barua ya reli aliipata baada ya kupiga simu thelathini na moja kwa mtu mmoja, hadi yule mtu akawa anapokea kwa kusema, "Naam, Bi Arvella."

Daraja la hati aliloliomba lilitaka ekari mia moja zinazojengeka, si pungufu hata kwa upana wa meza ya chakula. Madaraja ya chini yalikuwepo, lakini yalikuwa ya maghala na karakana, na bodi ilishasema ni mia au mnada. Mpima ardhi, Kendrick Poteet, aliyetoka Nashville na vyombo vya kung'aa, akapima akapata ekari mia moja na moja. Arvella akambusu shavuni hadi kijana wa watu akaona haya.

Kufika Februari, kati ya mafaili kumi na moja waliyoyataka wakaguzi, kumi yalikuwa yamekamilika. Lilibaki la kumi na moja, nalo lilikuwa ile njia ya ng'ombe ya Royce.

Haikuwa ya ng'ombe. Kwenye pembe ya mbali ya shamba, juu ya kilima kidogo chenye mierezi, yako makaburi ya akina Qualls, ukoo uliomiliki ardhi ile tangu zamani. Cletus Qualls alipoiuzia bodi shamba mwaka tisini na nane, hati iliwaachia ndugu zake wote haki ya kupita katikati, milele, kwenda kwa wafu wao. Hakuna mwenye akili atakayejenga kiwanda juu ya njia ya watu milele. Ilibidi njia ihamishiwe pembeni, kando ya uzio, na kila mwenye haki atie sahihi mbele ya mthibitishaji wa mahakama. Wakili wa kaunti akahesabu warithi, akapata arobaini na watatu, katika majimbo sita.

"Kuwatafuta wote ni miaka miwili," wakili akasema.

"Kuwatafuta kwa nini?" Arvella akamwuliza. "Si wanakuja wenyewe Jumapili ya pili ya Mei?"

Wakili alikuwa mtu wa mjini, hakuelewa. Sisi huku, kila ukoo una Jumapili yake ya kupamba makaburi. Unaweza kuwa umehamia Ohio miaka arobaini, umesahau hata sauti ya kwenu, lakini siku hiyo utakuja na reki, maua na bakuli la chakula, utang'oa magugu juu ya bibi yako, kisha utakula hapo hapo kwenye nyasi. Asiyekuja anasemwa mwaka mzima. Arvella hakuhitaji kumtafuta Qualls hata mmoja. Alimhitaji mmoja tu akubali, kwa sababu wengine wote wangemfuata, na huyo alikuwa Mzee Hobart, ndugu mdogo wa marehemu Cletus, miaka themanini na minne, mwenye shamba lililopakana na letu na kichwa kigumu kinachojulikana kaunti tatu.

Alimkuta langoni, anafunga waya. Mzee hakumkaribisha ndani.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Orville Sisk, mzee. Niliolewa na Wendell Tidwell."

"Orville Sisk aliniuzia nyumbu chongo," mzee akasema. "Akaniambia ni aibu tu, ndiyo maana anatazama upande."

"Alituambia hivyo hivyo sisi kuhusu mjomba."

Mdomo wa mzee ukatikisika kidogo, akaurudisha mahali pake. "Unataka nini?"

Arvella akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akajibu, na alijibu kwa muda mrefu. Bodi ilimwahidi Cletus kokoto kwenye ile njia. Miaka kumi na mitano, hata kokoto moja. Dada yao Nelda alipofariki Machi mwaka jana, gari la maiti lilizama matopeni hadi ekseli, na jeneza likavutwa kilimani juu ya mkokoteni wa trekta kama gunia la chakula cha nguruwe, binti zake wakitembea nyuma wameshika viatu mkononi. Bodi ilituma shada la maua.

"Ninyi watu wa bodi mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema. "Barabara kwanza. Kalamu baadaye. Na kama barabara haipo hiyo Mei, usije hata kunisalimia."

Arvella akarudi mjini hasira zimemjaa, na si hasira za kumchukia mzee. Lile shada alikuwa amelinunua yeye. Akaingia kwa mkuu wa barabara wa kaunti, ambaye kwa bahati yake mbaya alikuwa binamu yake, akakaa kitini na mkoba mapajani na kusema haondoki. Alikaa hadi saa nane mchana. Aprili ikafika, malori yakaja, na njia mpya ya kokoto ikalazwa kando ya uzio kutoka lami hadi kilimani, na mfereji wa maji pembeni. Royce akasema ni ufujaji, barabara ya kuwapelekea maiti wageni. Arvella akamwambia aende akaitembee na buti zake, aone kama zitachafuka.

Hadi hapo mambo yalikuwa yananyooka. Wiki moja kabla ya ile Jumapili, yeye na Wendell wakapanda kilimani na mashine ya kukata nyasi, ili wageni wakute pasafi. Poteet alikuwa ameshapigilia vigingi vyake vya rangi kuzunguka makaburi, mahali utakapopita uzio wa kudumu. Ndani ya vigingi kulikuwa na mawe ya makaburi thelathini na moja, yote yameandikwa, yote yamo kwenye ramani.

Wendell alikuwa anavuta kamba ya mashine alipoona mkewe amesimama tu.

"Nini?"

"Maua ya makaburini," Arvella akasema.

Ni mmea unaotambaa, majani yake yanang'aa hata wakati wa baridi, maua yake ni ya samawati. Hauoti wenyewe huku kwetu. Bibi zetu waliupanda juu ya wafu wao, hasa wale ambao hawakuwa na uwezo wa kuwanunulia jiwe la kuandikwa, na ukiukuta porini ujue kuna mtu chini yake. Ulikuwa umejaa ndani ya vigingi, hilo halikumshangaza. Lakini ulikuwa umevuka vigingi pia, umeteremka mteremko mzima chini ya mierezi.

Arvella akapiga magoti, akaanza kuyafunua majani kwa mikono. Akakuta jiwe la kawaida la shambani limesimamishwa. Hatua moja mbele, jingine dogo. Kichwani na miguuni. Hatua moja tu, sio mbili. Alikuwa mtoto. Akaendelea kutambaa, na Wendell akaacha mashine akaja kutambaa naye, wazee wawili magotini, hadi wakahesabu makaburi kumi na tisa, mengi yake ya urefu wa hatua moja.

Poteet alipoitwa alitazama, akavua kofia. "Sikujua, Bi Arvella. Nilidhani ni mawe tu."

"Usingejua, mwanangu. Huna bibi wa huku."

"Nikisogeza uzio, na ile nafasi ya kuzunguka wanayoitaka wakaguzi..." Akapiga hesabu kwenye karatasi. "Tunapoteza ekari moja na nusu."

Alikuwa na mia moja na moja. Sasa zingebaki tisini na tisa na nusu. Arvella aliketi kwenye nyasi.

Royce alipopata habari hakusubiri hata gari lizimike. "Umekuta mawe. Tennessee nzima ni mawe. Ramani imeshapigwa muhuri, hakuna mtu aliyekuuliza."

"Ndiyo maana nasema bila kuulizwa."

"Wiki nane, Arvella. Wiki nane ndizo zimebaki, na unataka kuliua shamba kwa mkono wako mwenyewe? Kwa ajili ya watu ambao hata majina hawana?"

"Walikuwa nayo," akasema. "Mama zao waliyajua."

"Binti yako anaendesha maili hamsini."

Hapo alimgusa pabaya, na alijua. Arvella akampa kisogo. Aliingia ndani ya gari lake, akafunga vioo, akalia kwa sauti, kilio cha hasira, maana miezi kumi na miwili ya simu na ngazi na popo ilikuwa inateketea mbele ya macho yake kwa nusu ekari. Alitamani asingeona yale maua. Alijisikia anatamani, na akajichukia kwa kutamani. Kisha akajipangusa, akateremka, akamwambia Poteet ahamishe vigingi.

Jumapili ilikuwa na jua. Magari yakaanza kuingia saa tatu asubuhi, sahani za namba za Ohio, Indiana, Alabama, yakipanda njia mpya yanasaga kokoto, na wanawake wakashuka kule juu na viatu vyao vya kanisani bila tone la tope. Arvella alisikia mmoja akiuliza, "Hii imetoka wapi?" na akajifanya anapanga vikombe. Makaburi yakapambwa. Yale kumi na tisa aliyapamba yeye na Wendell, kila moja ua moja. Meza zikatandazwa chini ya mierezi: kuku wa kukaanga, nyama ya paja la nguruwe, maharage, mkate wa mahindi, mayai ya kujazwa, na pudini za ndizi tano kwa sababu hakuna mwanamke wa Qualls anayeamini pudini ya mwenzake. Mthibitishaji wa mahakama, mama mnene mwenye muhuri ndani ya mkoba, akaketi kwenye kiti cha kukunja na kuanza na sahani.

Kabla ya sala ya chakula Arvella akaomba kusema.

"Mimi ni wa ile bodi," akasema. "Njia mliyopita leo ni yenu, mkisaini msisaini. Nilikuja niwaombe sahihi, ili kiwanja kipate hati na kiwanda kije. Lakini wiki iliyopita tumekuta kwamba ramani yetu ilikosea. Kuna watu wenu kumi na tisa tuliwaacha nje ya uzio. Tumeusogeza. Kwa kuusogeza tumepungukiwa ardhi, na nafikiri hati tumeikosa. Sitaki mtu asaini leo akidhani mambo ni mazima. Basi, chakula kisipoe."

Mzee Hobart alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kofia gotini. Akanyanyuka taratibu, akateremka peke yake kule kwenye mteremko, akasimama mbele ya mawe mawili madogo yaliyokaribiana. Alikaa huko hadi watoto wakaanza kuiba mayai. Aliporudi alimwendea Arvella moja kwa moja.

"Wale wawili ni wa mama yangu. Mmoja alinitangulia, mmoja alinifuata."

"Pole, mzee."

"Nilijua walipo. Nilimwona yule kijana wa Nashville anapigilia vigingi vyake mwezi wa kumi. Nikakaa kimya. Nilikuwa nangoja mchimbe, ndipo niwaburute mahakamani, wewe na Royce Hensley na matrekta yake, niwafilisi wote kabla sijafa. Wakili nilishampata."

Mama mwenye muhuri akaacha kutafuna.

"Nilikuwa naisubiri sana siku hiyo," mzee akasema, na ilionekana kweli anaisikitikia. "Sasa umeniharibia. Mmepungukiwa ekari ngapi?"

"Nusu."

"Nusu tu?"

"Nusu, mzee. Tisini na tisa na nusu, na wao wanataka mia."

Mzee akageuka kutazama shamba lake ng'ambo ya uzio. Akakuna shingo. Ukoo mzima ulikuwa umeacha meza na kusogea, sahani mkononi.

"Ile pembe ya chini ng'ombe hawaipendi," akasema. "Chukua mbili. Usije ukarudi mwezi ujao kuniomba tena."

Arvella akamkumbatia palepale, mbele ya watu, na mzee akasimama wima kama nguzo hadi alipoachiwa, kisha akasema, "Leteni hiyo kalamu." Mlango wa nyuma wa pikapu ya Wendell ukateremshwa ukawa meza. Arobaini na watatu wakapanga foleni, shangazi na wajomba na binamu, mama wa muhuri akigonga huku na kula huku, na ukurasa wa saba mpaka leo una doa la pudini. Mmoja wa wajukuu kutoka Indiana akauliza kama asome kwanza. Shangazi yake akamwambia babu ameshasoma.

Wiki zilizofuata zilikuwa za mbio. Poteet akapima upya bila kudai hata senti. Mashine ya kutoboa ikarudishwa kwa ajili ya zile ekari mbili. Wakaguzi wakaja katikati ya Juni, wanawake wawili wakali, wakatembea shamba zima kwa miguu na mafaili kumi na moja kwapani. Mmoja alisimama kilimani kwenye uzio mpya akauliza kwa nini umekaa mbali hivi na mawe yaliyoandikwa. Arvella akamfunulia majani. Yule mama akatazama, akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake, na hakusema aliandika nini.

Barua ilikuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Arvella aliifungua amesimama, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaenda kwenye duka la matrekta na kuiweka mezani kwa Royce, juu ya sandwichi yake. Royce akasoma. Akaomba miwani, akasoma tena.

"Basi tumeshinda," akasema.

"Nani?" Arvella akauliza.

Royce akaitazama sandwichi. "Umeshinda, Bi Arvella."

Arvella akaichukua barua yake, akapanda gari, akaenda kwa Mzee Hobart. Alimkuta barazani anamenya maharage na mkewe. Macho ya mzee hayasomi tena herufi ndogo, akamwambia amsomee. Akasoma. Alipofika kwenye ukubwa wa kiwanja mzee akainua kidole.

"Rudia hapo."

"Ekari mia moja na moja na nusu, zimeidhinishwa."

"Bila zangu ingekuwaje?"

"Isingekuwa, mzee."

"Umesikia?" akamwambia mkewe. Mkewe akasema amesikia, na kwamba tangu mwanzo alimwambia asaini. Mzee akajifanya kiziwi. Akamtaka Arvella asome ukurasa wa pili pia. Arvella hakuwa amefika ukurasa wa pili. Tangu asubuhi alikuwa anaitazama ile namba tu. Akageuza. Kulikuwa na mistari michache: mahali kiwanja kilipo, jina la kaunti, na chini yake maneno kwamba kwa jambo lolote kuhusu ardhi hii mwenye haja aongee na Arvella Sisk Tidwell, kisha namba ya simu ya meza yake, ile meza ambayo bodi iliiandika kwenye muhtasari kuwa itauzwa. Akasoma hadi kwenye jina, akaishia hapo. Miaka ishirini na miwili alishona mashati yaliyovaliwa nchi nzima, na ndani ya kola hakukuwa na jina lake hata siku moja.

"Malizia," mzee akasema kwa upole. "Hapo kwenye jina ndipo nilipotaka kusikia."

Akamalizia.

Jumatatu, tarehe ile ile iliyokuwa imepangiwa mnada, simu ililia saa mbili na dakika kumi asubuhi. Alikuwa mtu kutoka Atlanta, anazungumza harakaharaka, akataka kujua kama anaongea na mwenye kiwanja cha Barlow. Arvella akavuta kiti akakaa, akamwambia ndiye yeye, aulize anachotaka.